Fundi nisaidie: programu ya baba imekataa kufunguka kwenye laptopu mpya

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja. Kompyuta ya zamani imekufa au imechoka, mtu kanunua mpya, na ile programu aliyoifanyia kazi miaka nenda miaka rudi imegoma kufunguka. Sababu naijua, Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 na toka hapo watu wengi wamehamia Windows 11 kwa haraka haraka bila kujipanga. Nimechukua barua 4. Ya kwanza ntaijibu kwa urefu manake ndani yake mna karibu kila kitu.

Fundi shikamoo. Mimi nna duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani tumeachiwa na marehemu baba. Baba alikuwa na programu ya hesabu na madeni ya wateja, alitengenezewa mwaka 1996, skrini yake ya bluu maandishi meupe, unatumia kibodi tu hakuna mausi. Ilikuwa kwenye kompyuta ya Windows XP mpaka mwezi uliopita ikafa kabisa haiwaki. Kaka akaninunulia laptopu ya Windows 11. Nlikuwa na folda ya hiyo programu kwenye fleshi ila ni ya mwaka juzi, mna mafaili mengi yameishia na dbf, nikaikopi, sasa nikibofya inaniambia programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Fundi mmoja mtaani kasema hiyo ishapitwa na wakati niitupe ninunue nyingine. Humo mna madeni ya watu na vitu alivyoandika baba mwenyewe, mi kuitupa siwezi. Nifanyeje? *Binti wa duka, Ngamiani*

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu baba yako. Usiitupe. Na kabla hujagusa kitu kingine ikopi hiyo folda nzima mara 2, moja kwenye laptopu na nyingine kwenye fleshi tofauti mpe kaka yako aiweke ndani, halafu ile fleshi ya mwanzo usiiandikie kitu tena. Nakwambia hivi kwa sababu nshaona watu wanahangaika siku 3, wanabofya hapa wanafuta pale, programu inakuja kufunguka lakini madeni hayamo.

Tena kazi ya kwanza hata si programu. Wewe una nakala ya mwaka juzi, kwa hiyo madeni ya mwaka jana na mwaka huu yamebaki kwenye ile kompyuta iliyokufa. Kompyuta isiyowaka si lazima diski yake iwe imekufa. Huku kwetu Tanga hewa ya bahari inakula shaba, nimefungua kompyuta nyingi za mjini hapa nikakuta pawa sapulai imeoza au ubao mkuu umeota ukungu wa kijani lakini diski ni nzima kabisa. Mwite fundi aichomoe mbele ya macho yako. Kama imeunganishwa kwa waya mpana bapa wa matundu 40 hiyo ni IDE, kama waya wake ni mwembamba ni SATA, kuna adapta za USB zinazobeba zote mbili, unaichomeka kwenye laptopu kama unavyochomeka fleshi. Windows ikikwambia huna ruhusa ya kuingia kwenye folda kubali iendelee kwa ruhusa ya msimamizi. Ikiuliza unataka kuifomati, KATAA, tena toa mkono kabisa kwenye mausi uvute pumzi ndo urudi. Ukishaingia kopi folda nzima ya programu, usichague faili moja moja, manake mafaili ya dbf yana wenzao, yale ya fpt ndo yanatunza maelezo marefu na ya cdx ni faharasa, ukiyatenganisha programu italalamika au maandishi ya baba hayatotokea.

Sasa kwa nini imekataa. Programu zinahesabiwa kwa biti, yaani ukubwa wa mzigo wa data prosesa inaobeba kwa mara moja. Za enzi ya DOS, ule mfumo wa kuandika amri wa kabla ya Windows, na za Windows 3.1 zilikuwa za biti 16, kwenye Windows 95 zikashika za biti 32, na siku hizi laptopu za madukani ni za biti 64. Windows ya biti 64 inajua kuzibeba za biti 32, ina kitengo chake kinaitwa WOW64, ndo maana ukiingia kwenye diski C unakuta folda 2, Program Files na nyingine ya jina hilo hilo yenye x86 mwishoni, hiyo ya pili ndo makazi ya programu za biti 32. Za biti 16 haizibebi hata uiombe vipi. Kile kipande kilichokuwa kinaziendesha kinaitwa NTVDM na hakijawahi kuwekwa kwenye Windows ya biti 64. XP ya baba ilikuwa ya biti 32 kwa hiyo ilikuwa nacho. Windows 7 na Windows 10 nazo zilikuwa na matoleo ya biti 32, ndo utamsikia mtu anabisha mbona kwangu kwenye Windows 10 inafunguka, kweli inafunguka, yake ni ya biti 32. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja ya biti 64 peke yake, basi mlango ukafungwa hapo. Laptopu yako haina ubovu wowote.

Kwa hiyo ule ujanja wanaokuambia wa kubofya kitufe cha kulia, ukaenda Properties, ukafungua Compatibility ukachagua Windows XP, kwako haufai kitu. Ule ni wa programu za biti 32. Jipime kwanza ujue una programu ya umri gani, na kipimo ni rahisi. Fungua Notepad halafu buruta humo NAKALA ya faili lenye mkia wa exe. Zitatokea herufi zisizosomeka, usiogope, ila usisevu. Herufi 2 za mwanzo kabisa zitakuwa MZ. Shuka kidogo chini tafuta PE, ukiiona programu ni ya biti 32 au 64. Ukikuta NE ni ya Windows ya biti 16. Usipoona yoyote kati ya hizo na skrini ni ya bluu isiyojua mausi, hiyo ni DOS tupu, na kama kando ya hizo dbf zako mna fpt mi naona imetengenezwa kwa FoxPro ya DOS, chombo cha zamani cha kutengenezea programu za kutunza data. Clipper, chombo kingine cha aina hiyo, nayo ilitumia dbf ila faharasa zake huwa na mkia wa ntx.

Dawa yake ni emuleta, yaani programu inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya hii mpya. Inayojulikana sana ni DOSBox, ipo toka mwaka 2002 na ni ya bure, ila waliitengeneza kwa ajili ya magemu. Kwa kazi ya duka nakushauri uchukue ndugu yake DOSBox-X, nayo ya bure, kwa sababu inajua kuprinti na wewe duka bila risiti haliendi. Iinstoli, kisha ile nakala ya folda iweke kwenye diski C uipe jina fupi lisilozidi herufi 8, bila nafasi katikati, DOS haielewi majina marefu. Tuseme umeiita DUKA. Ukifungua DOSBox-X andika mount c c:\duka ubonyeze Enter, kisha andika c: na Enter, kisha jina la lile faili la exe bila mkia wake. Skrini ya bluu ya baba inatokea. Hiyo mistari 3 ukishaona inafanya kazi iandike chini kabisa kwenye faili la mipangilio, sehemu ya autoexec, ili kila ukifungua iende yenyewe. Usimaunti, yaani usiiunganishe, diski C nzima, maunti hiyo folda peke yake, ili hata pakiharibika kitu uharibifu usitoke humo.

Kuna vitu vitatu vitakusumbua na afadhali nikwambie mapema.

Cha kwanza, inaweza kufunguka ikaanguka papo hapo na kulalamika kwamba imegawanya kwa sifuri. Hiyo si data kuharibika. Programu za FoxPro ya zamani, na zilizoandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal vile vile, zilikuwa zinapima kasi ya prosesa wakati wa kuwaka, sasa prosesa ikiwa na kasi kuliko walivyowahi kufikiria hesabu ile inavunjika. Kwenye DOSBox-X nenda menyu ya CPU ushushe mizunguko, yaani kasi ya prosesa ya kuigiza, mpaka iwake.

Cha pili printa. Programu ya baba inatuma kazi kwenye LPT1, lile tundu pana la nyuma ya kompyuta za zamani, na laptopu yako haina. Kwenye mipangilio ya DOSBox-X unaiambia kinachotoka LPT1 kiende kwenye printa ya Windows. Kama una printa ya risiti za kaboni ile ya sindano usiitupe, na wewe ukizoea karatasi ya A4 basi sawa pia itatoka.

Cha tatu ndo kikubwa, na hakina kelele. Programu ya 1996 mara nyingi inaandika mwaka kwa tarakimu 2. Ukiandika 25 inaweza kuichukua kuwa 1925, ukija kupanga madeni kwa tarehe deni la 2025 linakaa juu ya la mwaka 1996. Baba alishavuka mwaka 2000 na programu hiyo kwa hiyo lazima alikuwa na namna yake, angalia madeni ya 2001 na 2002 uone aliyaandikaje na wewe fuata vile vile. Usibuni mtindo wako.

Halafu ukishaiona inafanya kazi, fanya na hili hata kama unaona halina haraka. Chukua nakala ya yale mafaili ya dbf uyafungue kwa LibreOffice Calc, ni ya bure, inayasoma moja kwa moja. Yatatokea kama jedwali, jina la mteja, tarehe, kiasi, salio. Yasevu kwa jina jipya na mkia mpya wa ods au xlsx, usisevu juu ya dbf yenyewe manake upana wa safu unaweza kubadilika na programu ya baba ikashindwa kuyasoma. Kwa namna hiyo siku yoyote hata emuleta ikikusumbua madeni unayo na unayasoma kwa programu yoyote. Na usiiruhusu ifunguliwe na watu 2 kwa wakati mmoja kutoka kompyuta 2, humo ndani ya emuleta kufuli za mafaili haziaminiki, mtaandikiana juu ya juu.

Yule fundi wa mtaani mwambie tu asante. Kununua programu mpya unaweza, tena labda mwakani utataka, lakini utainunua ukiwa na madeni yako mkononi.

Fundi mwenzangu habari za kazi. Niko kwenye mizani ya malori njia ya Pongwe, tunapima chokaa na kokoto. Programu ya mizani iliandikwa kwa Visual Basic 6 na jamaa ambaye keshahama mji. Nimebadilisha kompyuta kutoka Windows 7 kwenda 11. Kwanza ikaleta kosa namba 339, nimeliondoa kwa kukopi faili kutoka mashine ya zamani lakini sasa uzito hausomi, unabaki 0, na jana nimeona tarehe kwenye ripoti zimechanganyika. Bosi anasema turudishe XP tuachane na shida. *Wa mizani, Pongwe*

Salama ndugu yangu, kazi zako nazielewa, lori linangoja nje dereva anapiga honi na skrini inasoma 0.

VB6, yaani hiyo Visual Basic 6, ilitoka 1998 na programu zake ni za biti 32, kwa hiyo wewe hali yako ni nzuri kuliko ya binti hapo juu, Windows 11 yenyewe inakuja na faili la msingi la VB6. Kinachokosekana huwa ni vile vipande vya ziada vyenye mkia wa ocx. Na wako kwa mizani lazima ni MSCOMM32.OCX, ndo kinachoongea na waya wa mizani. Kukikopi haitoshi, lazima ukiandikishe, na hapa wengi wanakosea folda. Kwenye Windows ya biti 64 vipande vya biti 32 vinakaa kwenye C:\Windows\SysWOW64, jina linakudanganya lakini ndivyo ilivyo, System32 ni ya biti 64. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa ruhusa ya msimamizi, ingia kwenye SysWOW64 hiyo, kisha andika regsvr32 mscomm32.ocx. Kikikubali utaona ujumbe.

Uzito kusoma 0 naamini ni namba ya tundu. Kompyuta ya zamani ilikuwa na tundu la RS232 nyuma, lile la kuchomeka waya wa mizani, na programu inajua COM1. Hii mpya umechomeka adapta ya USB, na Windows huwa inaipa namba inayotaka yenyewe, COM5, COM7, ukihamishia tundu lingine la USB inabadilika tena. Nenda Device Manager, sehemu ya Ports, fungua adapta yako, Port Settings, Advanced, humo uichague iwe COM1 au ile iliyoandikwa kwenye mipangilio ya programu. Ukishamaliza adapta usiihamishe tundu tena, ipige hata gundi ya karatasi juu yake. Kipande cha MSCOMM chenyewe hakivuki COM16 kwa hiyo hata kama programu ina sehemu ya kuchagua usiiachie namba kubwa. Na hakikisha kasi inalingana na kichwa cha mizani, 9600 ndo ya kawaida ila soma kwenye kichwa chenyewe usibahatishe.

Tarehe nazo. Laptopu mpya nyingi zinakuja zimewekwa Kiingereza cha Marekani, mwezi mbele siku nyuma. Programu yako inaandika 03/04 ikimaanisha tarehe 3 mwezi wa 4, Windows inasoma Machi 4. Kuanzia tarehe 13 inajirekebisha manake hakuna mwezi wa 13, ndo maana unaona zimechanganyika na si zote zimegeuka. Badilisha mpangilio wa eneo uwe siku, mwezi, mwaka, LEO, kabla hamjapima lori lingine, halafu zile tikiti za siku zilizopita zikaguliwe kwa mkono dhidi ya nakala za karatasi. Hii naisema kwa uzito kwa sababu uzito wa lori ni pesa ya mtu, na ripoti yenye tarehe mbovu inaweza kumfukuzisha mtu kazi asiyekuwa na kosa.

Kitu kingine, kama umeiweka kwenye Program Files itoe. Programu za enzi ile zilikuwa zinaandika data palepale zilipokaa, na kuanzia Windows Vista kuandika humo kumezuiwa, kwa hiyo Windows inayachukua maandishi kimya kimya na kuyapeleka kwenye folda ya mtumiaji inayoitwa VirtualStore. Akiingia mwenzako wa zamu ya usiku kwa jina lake haoni tikiti zako za mchana. Iweke kwenye C:\MIZANI na hayo yanakwisha.

Kuhusu kurudisha XP, mwambie bosi hapana, si kwenye mashine inayoshika intaneti. XP iliacha kupewa viraka vya kawaida vya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Mei 2017 kile kirusi cha WannaCry kilipita dunia nzima kikifunga mafaili ya watu kwa kutumia upenyo wa SMB1, ile njia ya zamani ya kushea folda kwenye mtandao, na XP haijui njia nyingine zaidi ya hiyo. Kama itatokea programu yenu ikashindikana kabisa basi instolini VirtualBox, ni ya bure, mtengeneze humo kompyuta ya XP ya kuigiza, ramu MB 512 inatosha, muitoe kwenye mtandao kabisa na muipige picha ya hali, yaani ile snapshoti, ili ikiharibika mnairudisha ilivyokuwa kwa dakika chache. Kama VirtualBox itakataa kuwaka ingia kwenye BIOS, yale mipangilio ya kompyuta yanayofunguka kabla ya Windows kuwaka, uwashe kipengele cha virtualization, mara nyingi kinakuwa kimezimwa.

Mambo vipi fundi, nimepewa laptopu ya Mac iliyotumika, nikaiapdeti, sasa programu 2 za kuchora zimewekwa alama ya kukatazwa hazifunguki. *Mwanachuo, Sahare*

Poa mwanangu. Mac ilikata programu za biti 32 zote kuanzia macOS Catalina mwaka 2019, na kule hakuna WOW64 wala mlango wa nyuma. Kabla ya kuapdeti ndo ilikuwa wakati wa kuangalia, ila si neno, kama laptopu ni ya prosesa ya Intel na modeli yake iliwahi kutumia macOS Mojave unaweza kuirudisha huko, kwa sharti ukopi vitu vyako vyote kwanza kwenye diski ya nje manake kurudi kunafuta kila kitu. Kama ni ya prosesa ya Apple yenyewe, zile za kuanzia mwisho wa 2020, hairudi, tafuta toleo jipya la hizo programu.

Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu naishi Raskazone. Kati ya mwaka 1997 na 2003 nilichapa mashairi yangu na ya wenzangu wawili ambao wameshatangulia mbele ya haki, kwa PageMaker, programu ya kupanga kurasa za kuchapa, mafaili yana mkia wa p65, yako kwenye disketi 11. Baadhi ya kasida zimo kwa hati ya Kiarabu. Mjukuu wangu kanipa kompyuta ya Windows 11 haina hata tundu la disketi. Je yanapatikana? *Mwalimu, Raskazone*

Waalaykum salaam mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Yanapatikana inshallah, ila tuanze na disketi kabla ya jambo jingine lolote, manake disketi ndo inayozeeka, programu haizeeki.

Mwambie mjukuu akutafutie kisomeo cha disketi cha USB, kipo, kinachomekwa kama fleshi na hakihitaji draiva ya ziada. Kabla hamjaingiza disketi hata moja iangalieni pembeni, kuna kitundu chenye kifuniko cha kusogeza, kisogezeni mpaka kitundu kiwe WAZI, hapo disketi haiwezi kuandikwa wala kufutwa kwa bahati mbaya. Vuteni kile chuma cha juu taratibu muangalie sahani ya ndani, ukiona madoa meupe ni kuvu ya unyevu, na kwa nyumba ya Raskazone pembeni ya bahari sitoshangaa, disketi hiyo wekeni kando msiiingize kwanza, itachafua kisomeo na kisomeo kitaziharibu zilizo nzima. Anzeni na zilizo safi, kila moja kopini yote kwenye diski ya kompyuta mara moja. Msifungue faili juu ya disketi. Disketi nzima inabeba MB 1.44, zote 11 hazijai hata kona ya fleshi. Ikikwama rudieni mara ya pili na ya tatu, wakati mwingine jaribio la tatu linakubali. Zenye kuvu zipelekeni kwa fundi anayejua kuzisafisha, siku ya mwisho kabisa.

Mkia wa p65 maana yake ni PageMaker 6.5. Mwenye PageMaker, Adobe, aliishia toleo la 7 mwaka 2001, akaendelea na InDesign, na InDesign za mpaka CS6 zilikuwa zinaweza kuyafungua hayo mafaili, za baadaye haziwezi. Kama kuna mpiga chapa unayemfahamu bado ana CS6 kwenye mashine yake mwende naye, hapo mpangilio utatoka vizuri. Njia ya bure ni LibreOffice Draw, toka toleo la 4.4 inasoma mafaili ya PageMaker. Haitotoa ukurasa sawasawa kama ulivyoupanga, mapambo yatasogea na mistari mingine itapandana, lakini maneno yatatoka, na maneno ndo tunayoyataka.

Kiswahili chako kwa herufi za Kilatini hakina shida, hakina alama za ajabu. Zile kasida za hati ya Kiarabu ndo zina kazi. Zamani zile fonti nyingi za Kiarabu zilikuwa zinajificha nyuma ya herufi za kawaida, ukibonyeza herufi ya Kilatini inachorwa alifu au be, kwa hiyo bila fonti ile ile mtaona herufi za Kilatini zilizokorogeka. Msizifute mkidhani zimeharibika. Angalieni kwenye disketi kama fonti yenyewe ilihifadhiwa, mkia wake ni ttf, au kwenye kompyuta yako ya zamani kama bado iko ndani folda ya Fonts. Fonti ikipatikana kasida zinasomeka, na hapo kaeni na mjukuu mzichape upya kwa kibodi ya Kiarabu ya kompyuta, wewe ukisoma yeye akiandika, ili zisitegemee fonti tena. Za karatasi kama zipo mziweke karibu za kulinganishia.

Kila faili likishafunguka litoeni kwa namna mbili, PDF ili sura yake ibaki, na maandishi matupu ya UTF-8, mfumo wa herufi unaobeba Kilatini na Kiarabu, ili maneno yabaki hata PDF isipofunguka. Hapo kwenye maandishi matupu kaa mwenyewe mzee wangu usimwachie mjukuu, kwa sababu ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, bila shaka ulivitenganisha kwa nafasi ya kitufe cha Tab, na nafasi hiyo ndo kitu cha kwanza kupotea wakati wa kubadilisha, unakuta mshororo umeunganika mizani 16, yaani silabi 16, mfululizo na kina cha kati hakionekani kiko wapi. Wewe utakisikia kwa sikio. Weka alama ya mkato pale pale, ubeti kwa ubeti, anza na ya wale wenzako wawili.